Wahesabiwe waliokufa katika vita vya Mogadishu

Mhariri,

Burundi imewaondoa askari wake Somalia. Walikuwa huko tangu Desemba 2007, na katika ujumbe mpya wa Umoja wa Afrika ulioanza kazi Januari 2025 hawamo tena. Nilizifuatilia habari za kuondoka kwao siku baada ya siku, nikasoma kuhusu mvutano wa Bujumbura na Mogadishu juu ya idadi ya askari, nikasoma pia jinsi fedha za kuendesha ujumbe huo zilivyo haba. Nilichokuwa nikikitafuta ni hesabu moja tu, ya waliokwenda wazima wakarudishwa maiti, pamoja na wale ambao hata maiti zao hazikurudi. Sikuiona popote, na ndiyo sababu naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimezaliwa na kukulia Mombasa, na miaka ya 2010 na 2011 nilikuwa katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja ya Nairobi iliyokuwa ikipokea majeruhi wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, walioletwa kwa ndege kutoka Mogadishu. Vita ninavyovizungumzia ni vile vya kuugombania mji huo kuanzia Agosti 2010 hadi Agosti 2011, kati ya askari wa Uganda na Burundi wakiwa pamoja na jeshi la Serikali ya Mpito ya Somalia kwa upande mmoja, na wapiganaji wa Al-Shabaab kwa upande wa pili. Vilipiganwa mwaka mzima ndani ya mji wenye watu, mtaa kwa mtaa na mara nyingine chumba kwa chumba, na kwa jinsi nilivyovielewa kutoka kwa majeruhi mwenyewe, vilikuwa miongoni mwa vita virefu na vikali zaidi vya mjini katika eneo letu. Hata hivyo, ukimuuliza msomaji wa kawaida wa gazeti lako habari za vita vya Mogadishu, yaelekea atakutajia vile vya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, vilivyochukua muda usiofika hata siku mbili, ambamo Wamarekani 18 waliuawa. Majina ya wale 18 yanajulikana, vyeo vyao vinajulikana, na kisa chao kimeandikwa na kuigizwa hadi watoto wetu wakakijua. Siwaonei wivu wafu wale, kwa kuwa ndivyo inavyostahili kufanyiwa kila mtu aliyekufa kwa amri ya serikali yake. Nauliza tu kwa nini wa kwetu wasifanyiwe hivyo.

Nasema wa kwetu kwa sababu sivioni vita vile kuwa vya watu wa mbali. Mogadishu ni mji wa pwani kama wetu, una mtaa wa Shangani kama ulivyo Unguja, na bandari zake za Benadir zilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi zilipouzwa kwa Waitaliano mwaka 1905. Nyumba zake kongwe za Hamar Weyne zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kama nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa. Jambo hili sikulisoma kwanza kitabuni. Nililiona katika vidonda. Kijana akiletwa amepigwa na kipande cha bomu akiwa ndani ya nyumba ya kale, tulikuwa tunaposafisha kidonda tunatoa chuma, tunatoa nyuzi za gwanda, halafu tunatoa unga mweupe uliogandamana na damu, nami niliutambua mara moja, kwa kuwa ndio uliokuwa ukitudondokea utotoni kutoka kwenye kuta za nyumba ya nyanya yangu.

Na lugha iliyosemwa katika vita vile ilikuwa, kwa sehemu kubwa, hii tunayoandikiana. Kiswahili ni lugha ya jeshi la Uganda tangu zama za wakoloni, na ndicho kilichowawezesha askari wengi wa Uganda na wa Burundi kuelewana pale ambapo Kiingereza cha hawa na Kifaransa cha wale havikukutana. Ni wajibu kusema pia kwamba ng'ambo ya handaki walikuwamo vijana wa Kenya na wa Tanzania waliokwenda kujiunga na Al-Shabaab, kwa hiyo kulikuwa na saa ambapo Kiswahili kilitoka pande zote mbili za mtutu. Juni 2011 aliuawa katika kizuizi cha barabarani Mogadishu, baada ya gari lake kupotea njia usiku, Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Moroni, aliyekuwa akisakwa kwa milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998. Hiyo nayo inaonyesha jinsi vita vile vilivyokuwa vimefungamana na maisha yetu sisi wa pwani na wa bara.

Kwa wasomaji walio vijana, naomba nieleze kwa ufupi ilivyokuwa. Katikati ya 2010 serikali ya Sheikh Sharif Ahmed na walinzi wake wa AMISOM walishikilia kipande kidogo tu cha mji: uwanja wa ndege, bandari, ikulu ya Villa Somalia, makutano ya Kilomita Nne, na barabara ya Maka al-Mukarama iliyoviunganisha, nayo ilipitika kwa magari ya deraya tu. Tarehe 11 Julai mwaka huo watu zaidi ya 70 waliuawa Kampala kwa mabomu ya Al-Shabaab walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Tarehe 23 Agosti, katikati ya mwezi wa Ramadhani, Al-Shabaab walitangaza kuwa wanaanza vita vya kuwatoa wageni katika mji, na kesho yake wakaishambulia hoteli ya Muna, wakaua watu zaidi ya 30 wakiwemo wabunge. Mashambulizi yale ya Ramadhani yaliwashinda, wakapoteza wapiganaji wengi, na tangu hapo askari wa Umoja wa Afrika wakaanza kusonga mbele kutoka jengo hadi jengo. Februari 2011 Warundi waliichukua Gashandigo, iliyokuwa Wizara ya Ulinzi, na mahandaki yaliyoizunguka. Mei na miezi iliyofuata Soko la Bakara lilibanwa kutoka pande mbili. Tarehe 6 Agosti 2011, siku moja kabla ya kutimia miaka 13 ya milipuko ile ya Nairobi na Dar es Salaam, mji uliamka ukakuta Al-Shabaab wameondoka usiku katika sehemu kubwa ya mji.

Ndiyo historia yenyewe inavyosimuliwa, na kila jengo lililochukuliwa lina tarehe yake. Gharama ya kulichukua haina tarehe wala idadi.

Mwishoni mwa Februari 2011 tuliletewa kundi la majeruhi kutoka Gashandigo. Mmoja wao alikuwa Mrundi wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na kwa hiyo yeye na mimi tulielewana tangu siku ya kwanza. Alikuwa na jeraha la paja na jingine la tumbo, na mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye vidole. Usiku wa tatu, nilipokwenda kubadilisha chupa ya dripu, aliniambia, "Dada, uko na kalamu? Niandikie watu." Nilidhani anataka nimwandikie barua ya kwao. Nikachukua chati ya joto iliyokuwa imekosewa, nikaigeuza upande wa nyuma, nikamwambia aseme. Akaanza kunitajia majina. Alitaja jina, kisha mkoa anakotoka mwenye jina hilo, Ngozi, Gitega, Muyinga, Ruyigi, kisha alitulia kidogo kabla ya kutaja linalofuata. Alipofika la saba alisita sana, akasema huyu walimjua kwa jina la utani tu, kwa kuwa alihamishiwa kikosini wiki moja kabla. Yalikuwa majina kumi na moja. Akaniomba niyasome kwa sauti, nikasoma, akanisahihisha herufi moja moja, kwa maana nilikuwa nayaandika majina ya Kirundi kwa sikio la Kimombasa. Alipotosheka akalala.

Asubuhi nilimuuliza niifanyie nini karatasi ile. Akasema niiweke mimi, kwa sababu kambini vitu vinapotea, na kwamba siku ikifika watu watakuja kuuliza. Aliondoka baada ya wiki tano akitembea kwa magongo. Hakuna aliyekuja kuuliza. Kwa miaka hii yote karatasi hiyo imekuwa katika bahasha moja na barua yangu ya kustaafu, na nimeitoa mara nyingi kuliko ninavyoitoa ile barua.

Sitayachapisha majina hayo hapa. Maadili ya kazi yangu hayaniruhusu kutoa yale niliyoambiwa na mgonjwa kitandani, na zaidi ya hilo, mama wa Ngozi hapaswi kusoma habari ya mwanawe katika barua ya msomaji wa Nairobi. Anapaswa kuambiwa na serikali iliyomchukua. Lakini niseme hili: watu kumi na moja, waliotajwa na askari mmoja aliyeona kipande kimoja cha uwanja wa vita katika siku mbili, ni wengi sana. Taarifa rasmi za siku zile zilitueleza ni majengo gani yametwaliwa. Idadi kamili ya waliokufa katika kuyatwaa hazikuitoa.

Na hali ikaendelea kuwa hivyo. Tarehe 20 Oktoba 2011, miezi miwili baada ya Al-Shabaab kuuacha mji, Warundi walipigana nao Deynile, pembezoni mwa Mogadishu. Umoja wa Afrika ulisema askari wake 10 wameuawa. Al-Shabaab walidai zaidi ya 70, wakapanga maiti nyingi zenye magwanda mbele ya kamera. Mei 2013 Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Jan Eliasson, aliwaambia waandishi wa habari kwamba askari wa AMISOM waliokufa Somalia tangu 2007 huenda wamefikia 3,000. Maafisa wa Umoja wa Afrika walipinga, wakasema idadi hiyo imezidishwa mno. Kupinga ni haki yao, lakini anayepinga hesabu ya mwenzake hutoa ya kwake, jina kwa jina, na hilo halikufanyika. Kenya yetu nayo, baada ya kambi yake ya El Adde kuvamiwa tarehe 15 Januari 2016, ilikataa kuutangazia umma idadi ya waliokufa, na hadi leo tunaokoteza makadirio kutoka kwa vyombo vya habari vya nje na kutoka kwenye vinywa vya viongozi wa Somalia.

Nafahamu jibu litakalotolewa na wanajeshi, kwa kuwa nililisikia wodini kutoka kwa maafisa waliokuja kuwatembelea vijana wao, na walikuwa watu waungwana ambao siwezi kuwasema vibaya. Walisema adui hufurahia idadi ya vifo, na kuitangaza ni kumpa silaha. Kwa siku zile za mapigano naweza kulikubali. Lakini Deynile ilionyesha kinachotokea mwenyewe anapokataa kuhesabu: adui humhesabia, kwa namna aitakayo na kwa picha azitakazo, na familia inamtambua mwanawe katika mkanda wa video wa Al-Shabaab kabla haijapigiwa simu na kambi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Isitoshe, miaka imepita. Makamanda wa vita vile wamepandishwa vyeo na wengine wamestaafu. Paul Lokech, aliyeitwa Simba wa Mogadishu, aliyewaongoza Waganda mjini humo, alifariki dunia Agosti 2021 na akazikwa kwa heshima zote alizostahili. Ni siri gani ya kivita iliyobaki katika jina la koplo aliyezikwa miaka kumi kabla yake?

Naomba nitoe mfano kutoka katika fani yangu unaoonyesha faida ya kuhesabu. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010 askari wa AMISOM walianza kuvimba miguu, kukosa pumzi na kuanguka, na wengine walisafirishwa hadi Nairobi na Kampala wakidhaniwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Madaktari na wataalamu wa magonjwa ya mlipuko waliketi wakaandika kila mgonjwa: alianza lini, yuko kambi gani, anakula nini. Wakapata wagonjwa 241, na kati yao wanne walikufa. Ni orodha hiyo iliyofichua kwamba halikuwa ambukizo lolote bali beriberi, ugonjwa wa upungufu wa vitamini B1, kwa maana vijana wale walikuwa wamefungiwa ndani ya ngome wakila chakula cha akiba ambacho hakikuwa na vitamini hiyo ya kutosha, na hatari ya nje ikiwazuia kupata vyakula vibichi. Wakapewa vitamini, na wagonjwa wakapata nafuu. Laiti wale wanne wangezikwa kimya kimya na wale wengine wakarudishwa makwao bila kuandikwa, wangapi wengine wangefuata? Vivyo hivyo, kama tungejua wangapi waliokufa Gashandigo kwa kutokwa na damu kabla ya kufikishwa kwenye chumba cha upasuaji, tungejua kama walikosa helikopta, au walikosa mkanda wa kufungia paja, au walikosa mtu aliyefunzwa kuufunga. Wengi niliowapokea walinusurika kwa sababu ya kitambaa kilichofungwa na mwenzao aliyejua namna.

Nimewataja askari kwanza kwa sababu ndio niliowashika kwa mikono yangu, lakini hawakuwa wengi wa waliokufa. Mji ule haukuwa mtupu. Soko la Bakara lilikuwa likiuza nguo, nafaka, dawa na simu wakati wote wa vita, kwa kuwa watu wasipouza hawali. Mota ni bomba linaloegemezwa kwenye miguu miwili juu ya bamba la chuma. Bomu hutumbukizwa kwa juu, linapaa kupita mapaa, kisha linashuka karibu wima nyuma ya nyumba. Anayelifyatua hamwoni anayempiga. Al-Shabaab walizisimamisha mota zao sokoni na katika makazi ya watu, wakafyatua mabomu machache kuelekea ikulu au uwanja wa ndege, kisha wakazibeba wakaondoka. Majibu ya AMISOM yalipofika, yaliangukia mahali walipokuwa wameondoka, na waliobaki hapo walikuwa wenye vibanda na watoto wao. Mama mmoja wa Kisomali aliyekuja kuwa jirani yangu Eastleigh alikuwa na kibanda cha vitambaa Bakara. Aliniambia kwamba walijifunza kuhesabu: wakisikia mlio wa kutoka karibu nao, walijua wana dakika chache za kulala chini kabla ya jibu. Siku moja jibu lilikuja mapema kuliko walivyozoea, likamchukua dada yake na wapwa wawili. Hajui lilitoka kwa nani. Hakuna ofisi iliyowahi kumuuliza.

Hospitali za Medina na Keysaney, zilizosaidiwa na Msalaba Mwekundu, zilipokea majeruhi wa silaha zaidi ya 5,000 katika mwaka 2010 peke yake, na zaidi ya thuluthi yao walikuwa wanawake na watoto. Keysaney yenyewe ilipigwa na makombora katikati ya mwaka huo, wagonjwa wakiwa ndani. Mei 2011, mapigano ya kuizunguka Bakara yalipopamba moto, Shirika la Afya Duniani liliripoti majeruhi wapatao 1,590 katika hospitali kuu za Mogadishu, na kati yao 735 walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Nimekaa na takwimu hiyo muda mrefu. Mishipa ya mtoto wa umri huo ni midogo kama uzi, na kumtafutia pa kuweka dripu anapokuwa amepoteza damu ni kazi inayomtoa jasho muuguzi aliye katika hospitali tulivu yenye taa na vifaa vyote. Wauguzi wa Mogadishu waliifanya kazi hiyo mara 735 kwa mwezi mmoja.

Sitaki nieleweke vibaya. Walioanzisha mtindo wa kujificha nyuma ya wauza nafaka ni Al-Shabaab, na hao ndio waliozuia misaada ya chakula isiwafikie wakulima wa kusini wakati baa la njaa lilipotangazwa Julai 2011. AMISOM ilikuwa na zahanati katika kambi yake ambako raia walitibiwa bure, na askari niliowauguza walizungumza kwa uchungu wa kweli juu ya watoto waliowaona. Uongozi wa kikosi ulikuja kuweka masharti ya matumizi ya mizinga, ikiwemo kuitangaza Bakara kuwa eneo lisilopigwa, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likahimiza mwaka 2012 kiundwe kitengo cha kufuatilia madhara wanayopata raia. Ni hatua njema ambazo zingeweza kuigwa kwingineko. Lakini kitengo hicho kilianza kazi vita vya mjini vikiwa vimekwisha, na mabomu ya 2010 na 2011 hayakupata daftari. Waliokufa kwa yale mabomu hawakuandikwa na walioyafyatua, wala na serikali ambayo yalifyatuliwa kwa ajili yake.

Wala isisemwe kwamba Somalia ni nchi iliyovurugika mno kiasi cha kutohesabika. Baa lile la njaa lilitokea katika miaka hiyohiyo na katika mikoa iliyokuwa migumu kufikika kuliko mji mkuu, na bado watafiti walikusanya takwimu za vifo, wakazipima, na mwaka 2013 wakatoa makadirio ya watu 258,000 waliokufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ikiwa vifo vya watu waliokuwa wakitembea porini wakitafuta maji viliweza kukadiriwa, vifo vya watu wa mtaa unaojulikana, wenye imamu anayejulikana na makaburi yanayojulikana, vinaweza kuhesabiwa kimoja kimoja. Wenye makaburi wangali hai. Baada ya miaka ishirini mingine hawatakuwapo.

Kwa hiyo naziomba serikali za Uganda na Burundi zichapishe majina ya askari wao wote waliokufa Mogadishu, pamoja na tarehe na mahali, na pale ambapo mwili haukurudi ielezwe hivyo. Fidia ya dola 50,000 iliyopangwa na Umoja wa Afrika kwa kila askari aliyekufa haiwezi kukaguliwa na mwananchi yeyote kama orodha ya waliokufa ni siri, na mjane aliyecheleweshewa haki yake hana pa kunyooshea kidole akasema jina la mume wangu ni hili hapa. Umoja wa Afrika nao ufungue kumbukumbu zake za mashambulizi ya miezi ile, ili ijulikane ni siku gani mizinga ilipigwa na kuelekezwa wapi, na familia za Bakara, Hodan, Wardhigley na Yaqshid zipate kuzilinganisha na tarehe za makaburi yao. Serikali ya Somalia iliyopo sasa inaweza kuanza na wazee wa mitaa hiyo wiki ijayo, kwa daftari na kalamu, bila kusubiri mfadhili.

Wewe nawe, Mhariri, nina ombi kwako. Gazeti lako linasomwa mtandaoni hadi Bujumbura na Kampala, na linasomwa Eastleigh, ambako waliokimbia mji ule ni wengi. Litengeni eneo, hata liwe dogo, ambapo mzazi au mjane anayetaka mwenyewe anaweza kuandika jina la mtu wake, mahali alipofia na tarehe kama anaijua. Msiwachuje kwa upande. Mama wa kijana wa Mombasa aliyekwenda kupigana upande wa Al-Shabaab akafia handakini naye hajui mwanawe kalala wapi, na kumwandika si kumsifu.

Karatasi yangu ninayo. Imeanza kukatika kwenye mikunjo, na wino wa mistari miwili ya mwisho umefifia, kwa hiyo nimeinakili upya katika daftari jipya bila kubadilisha herufi hata moja kati ya zile nilizosahihishiwa usiku ule. Ofisi yoyote ya jeshi la Burundi itakayofungua orodha ya Gashandigo nitaipelekea nakala mimi mwenyewe, kwa nauli yangu. Nitaomba tu wanitafutie jina kamili la yule wa saba, nipate kumalizia mstari wake.

Muuguzi mstaafu,
Nairobi.
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa ombi la mwandishi.)